Mtoto aliyezaliwa bila kulia, naye atafufuka? (Sehemu ya 6)

 Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu chanjo. Naomba chanjo isubiri kidogo, kuna swali limenikaa kifuani na leo nataka nilitoe.

Mama mmoja alijifungua mimba ya miezi saba na nusu. Mtoto alitoka hapumui. Mama yule alinyamaza siku nzima. Usiku nilipokwenda kumpima presha akanishika mkono akaniuliza: "Nesi, kanisani tunasema wafu watafufuka. Huyu wangu naye yumo? Na akifufuka atakuwa kichanga hivihivi, au nitakutana na mtu mzima nisiyemjua?"

Nilimjibu, "Mungu anajua, mama." Kisha nikaandika presha kwenye faili nikaondoka. Jibu si la uongo, ila ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia.

Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza wachungaji, nimesoma tena. Mimi ni nesi, si mchungaji, kwa hiyo hapa simhubirii mtu. Nasimulia historia: Wakristo wa kwanza walimaanisha nini waliposema mwili utafufuka, na wasomi wamewaelewa vipi. Dada zangu Waislamu, najua nanyi mna kiyama yenu na mafundisho yenu juu ya watoto. Kaeni tusikilizane.

Nianze na kitu ambacho wengi wetu tunakisema bila kukisikia. Katika Imani ya Mitume, wengine tunatamka "kiyama ya mwili", wengine "ufufuko wa miili". Umeona? Hatusemi roho. Tunasema mwili. Kwa nini mwili?

MAMA WA WATOTO SABA

Kabla ya Ukristo, Wayahudi walipitia mateso makali chini ya mfalme Antioko Epifane, miaka ya 160 KK. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo kinasimulia mama na wanawe saba waliouawa mmoja baada ya mwingine kwa kukataa kuvunja sheria ya Mungu. (Wakatoliki mnacho kwenye Biblia zenu. Sisi Walutheri kwenye nyingi za Biblia zetu hakimo, muazime kwa jirani.) Mtoto mmoja ananyoosha mikono yake ikatwe, akisema anatumaini kurudishiwa mikono hiyohiyo.

Lakini aliyenishika mimi ni mama. Anawaambia wanawe kwamba hajui walianzaje tumboni mwake. Si yeye aliyewapa pumzi, si yeye aliyepanga viungo vyao. Basi aliyewaumba mahali pale pa giza anaweza kuwarudishia uhai. Wasomi wanahesabu sura ile kuwa moja ya shuhuda za mwanzo kabisa zilizo wazi kuhusu mwili kufufuka. Na hoja yake inatoka kwa mama mjamzito, jamani! Anayeamini mtoto anaweza kutokea tumboni hana sababu ya kusema kufufuka hakuwezekani.

PAULO NA MBEGU

Katikati ya miaka ya 50 BK, Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, Ugiriki. Wagiriki wengi waliosoma waliona mwili kama mzigo, roho ikiutoka imepona. Kuwaambia mwili utarudi ilikuwa kama kumwambia mfungwa atarudishwa gerezani. Ndiyo maana baadhi ya Wakristo wa pale walisema hakuna ufufuo.

Paulo akawajibu kwa mfano wa shambani, nao uko katika 1 Wakorintho 15. Punje unayofukia si mmea unaochomoza. Nenda Tengeru msimu wa kupanda uangalie: unafukia punje kavu ya mahindi, linatoka jani la kijani. Vimefanana? Hapana. Ni kitu kingine? Hapana pia, maana ungefukia maharage yasingetoka mahindi. Paulo anaita kinachozikwa mwili wa asili, na kinachofufuka mwili wa roho.

Maneno hayo "mwili wa roho" wasomi wanayabishania mpaka leo. Dale Martin wa Marekani, katika kitabu chake cha 1995 kuhusu Wakorintho, alisema watu wa kale waliona roho kuwa kitu halisi, chepesi kama hewa, na kwamba kwa Paulo nyama na damu zinaachwa nyuma. N. T. Wright wa Uingereza, katika kitabu kinene cha 2003, alisema sivyo: mwili wa roho ni mwili kweli, ila unaendeshwa na Roho wa Mungu, kama tunavyosema gari la petroli bila kumaanisha limetengenezwa kwa petroli. Wote wawili wanakubaliana kwenye jambo moja: Paulo hazungumzii kivuli kinachoelea. Anazungumzia mwili.

MAJIVU YA LYON

Mwaka 177 BK, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliteswa hadharani. Mmoja wao alikuwa mtumwa, mwanamke aitwaye Blandina. Barua ya waliobaki ilihifadhiwa na mwanahistoria Eusebio. Inasema maiti ziliachwa wazi siku sita, zikachomwa, na majivu yakatupwa mto Rhône. Sababu? Watesaji walitaka kuvunja tumaini la ufufuo. Bila mwili, wafufukeje?

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wale waling'ang'ania mwili. Mafundisho haya hayakuandikwa na watu waliokaa kwa raha wakibuni maneno magumu. Yaliandikwa wakati miili ya wapendwa wao inachomwa, inatupwa, inaliwa na wanyama. Kusema "mwili utafufuka" kulikuwa kumwambia mwenye nguvu: huyu uliyemtupa kama takataka hajapotea kwa Mungu.

Na jambo hilo, ndugu zangu, si la mbali. Liko hapahapa Meru.

AKERI, 1896

Oktoba 1896 vijana wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri kwenye miteremko ya Mlima Meru kuanza kazi. Usiku mmoja wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwavamia wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wenyeji hawakutenganisha mmisionari na mwanajeshi. Wote walikuwa wageni weupe wanaoingia kwenye ardhi yao. Kanisa bado linawakumbuka vijana hao.

Kilichofuata hakisimuliwi sana siku ya kumbukumbu. Kapteni Kurt Johannes alileta jeshi kutoka Moshi. Watu wengi waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, migomba ikateketezwa. Halafu tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, viongozi 19 walinyongwa hadharani. Mangi Meli wa Moshi alikuwa mmoja wao, na walikuwemo viongozi wa Meru na Arusha. Familia ya Meli inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na mpaka ninapoandika bado wanakitafuta. Mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki yalikutwa kwenye makusanyo ya Berlin. Septemba 2023 taasisi inayoyatunza ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimepata ndugu walio hai wa watu watatu, familia za Kichaga. Mama zangu, fikiria umepigiwa simu uambiwe babu wa babu yako amepatikana, yuko kwenye boksi.

Misheni ilirudi Meru mwaka 1902, ikajenga Nkoaranga. Wahubiri walifundisha kiyama ya mwili huku miili ya wazee wa watu haohao ikiwa kabatini Ulaya. Sisemi hivyo kulaumu injili. Nasema ili uone kwamba swali la Lyon liliulizwa na kwetu pia: aliyenyimwa kaburi, Mungu anamkumbuka? Kama wale wazee wa kwanza walifundisha sawasawa, jibu lao linamhusu Blandina, na linawahusu walionyongwa Old Moshi.

KADI YA KLINIKI NA MTO

Sasa turudi kwa swali la yule mama: atafufuka akiwa na mwili upi?

Waafrika walilifikiri sana, jueni hilo. Tertuliano wa Karthago, Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima mwanzoni mwa miaka ya 200 kutetea kwamba nyama hii hii itafufuka. Origene wa Aleksandria, Misri, aliona ugumu. Alisema mwili wa binadamu ni kama mto: unauita kwa jina lilelile, lakini maji ya jana si ya leo. Kinachobaki ni umbo linalomtambulisha mtu, na hilo ndilo Mungu atalivika utukufu. Baadaye mafundisho mengi yaliyopewa jina la Origene yalikataliwa na kanisa, lakini mfano wake wa mto mimi nauona kila Jumatatu kliniki.

Chukua kadi ya mtoto wako. Alizaliwa na kilo 3. Akitimiza mwaka ana kilo 9. Zile kilo 6 zimetoka wapi? Kwenye maziwa yako, uji, ndizi za kuponda. Nywele alizozaliwa nazo zimenyonyoka, ngozi imebadilika. Ukimwona kati ya watoto hamsini unamkosea? Humkosei. Wewe mama tayari unajua kitu ambacho wasomi walikitafuta kwa karne nyingi: mtu ni yuleyule wakati mwili wake haukai vilevile.

MWALIMU MAKRINA

Mwaka 379 hivi, Askofu Gregori wa Nisa, katika Uturuki ya leo, alikwenda kumtembelea dada yake Makrina, akamkuta mahututi. Gregori alikuwa ametoka kufiwa na kaka yao Basili na alikuwa amevunjika. Baadaye aliandika mazungumzo yao kuhusu roho na ufufuo. Katika kitabu hicho askofu ndiye analia na kuuliza, na mwanamke anayekufa ndiye anajibu. Anamwita Mwalimu. Makrina anamwambia kwamba vipande vya mwili vikitawanyika, roho inavijua vilivyo vyake, kama mtu anavyotambua vigae vya chungu chake hata vikichanganywa na vya wengine.

Gregori anasimulia pia kwamba Makrina aliwahi kuwa na uvimbe kwenye titi, akakataa kuonyesha mganga kwa aibu, akaomba na kupona, likabaki kovu dogo. Hapo nesi anasimama: dada yangu, ukihisi uvimbe kwenye titi omba, NA uje kliniki. Tumeelewana?

Nilichopenda ni kovu lenyewe. Baada ya kifo chake, mwanamke aliyekuwa anamvika Makrina kwa maziko alimwonyesha Gregori alama ile. Watu waliotumaini ufufuo hawakudharau maiti. Waliiosha, wakaivika, wakaijua hadi kovu.

AUGUSTINO NA WATOTO WASIOZALIWA SALAMA

Sasa tumefika. Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo, alimaliza kitabu chake kikubwa cha Mji wa Mungu mwaka 426 hivi. Katika sehemu ya mwisho, ya 22, anajibu maswali ya watu, na swali la yule mama wa wodini limo. Lina miaka 1,600!

Kuhusu mimba zilizotoka, Augustino anakiri kwamba hathubutu kukubali wala kukataa. Lakini anaongeza kwamba kama wanahesabiwa kati ya wafu, haoni sababu ya kuwatoa kwenye ufufuo. Kuhusu watoto waliokufa wachanga anasema watapokea kimo ambacho wangekifikia kama wangeishi, kwa sababu kimo hicho kilikuwa tayari ndani yao kama mti ulivyo ndani ya mbegu. Tena kulikuwa na watu waliosema wanawake watafufuka wakiwa wanaume. Augustino akakataa: mwanamke atafufuka mwanamke, maana kuwa mwanamke si kasoro.

Nisiwafiche, Augustino huyohuyo alifundisha kwamba mtoto aliyekufa bila ubatizo haingii ufalme wa Mungu. Fundisho hilo limewaliza akina mama kwa karne nyingi. Makanisa yametafakari upya. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Kanisa Katoliki, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI, ilitoa andiko likisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Mtu akikutisha kwa fundisho la zamani, mwambie historia haikuishia pale.

JINA

Wa mwisho ni wa kwetu, John Mbiti, aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931. Alisomea udaktari wake Cambridge, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kuhusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya mwisho wa mambo, akiyalinganisha na mawazo ya Wakamba. Alitumia maneno yetu ya Kiswahili, sasa na zamani. Alisema kwa wazee wetu wakati haukukimbilia mbele sana, ulirudi nyuma kuelekea zamani. Kwa hiyo wamisionari walipohubiri mambo ya mwisho wa dunia, wengi walidhani yatatokea karibuni tu, wakayachukua neno kwa neno. Wasomi wengine wa Afrika walimpinga, wakasema Mwafrika naye hupanga kesho yake. Hata Kiswahili kina "nitakuja", si ndio?

Lakini Mbiti alisema jambo jingine nililoliona kwa macho. Marehemu ambaye bado kuna mtu anamkumbuka kwa jina yuko karibu na nyumba. Anapokufa wa mwisho aliyemjua kwa jina, ndipo anazama kabisa kwenye zamani.

Basi fikiria mtoto aliyezaliwa bila kulia. Hakuna aliyemjua ila mama. Hana jina. Anafungwa kwenye kitenge, wanaume wawili wanamzika haraka migombani mama akiwa bado kitandani, na akirudi nyumbani anaambiwa, "Usilie, utapata mwingine." Siku hiyohiyo mtoto amezamishwa zamani. Na sisi manesi tumeshiriki. Nilipoanza kazi tulifundishana kumficha mama asione, eti atasahau mapema. Sijawahi kukutana na mama aliyesahau.

Duniani wanazaliwa watoto wafu karibu milioni 1.9 kila mwaka, kwa hesabu ya mimba za kuanzia wiki 28. Hujalaaniwa, mama. Hauko peke yako.

NINACHOMWAMBIA MAMA SASA

Leo akiniuliza sikimbii. Nakaa kitandani kwake. Namwambia: "Mama, Wakristo wa kwanza waliuliza swali lako. Wengine walisema atakua kufikia kimo chake, wengine walisema Mungu atamtambua kwa umbo lake, na wakubwa wao walikiri hawajui yote. Ila hakuna kati ya hawa aliyesema mwili mdogo ni takataka." Kisha namuuliza kama angependa kumwona.

Kwa hiyo:

Una haki ya kuomba kumwona mtoto wako na kumshika. Si lazima, lakini asikunyime mtu. Ukisita, mwambie nesi akueleze kwanza anavyoonekana.

Mpe jina kama moyo wako unataka. Baba naye alitamke.

Omba mazishi yasubiri utoke, hali ikiruhusu. Bibi na babu, tuwasaidie vijana hawa, tusiwaharakishe.

Maziwa yatakuja hata kama mtoto hayupo. Usiogope. Rudi hospitali haraka ukiwa na homa, damu nyingi au maumivu makali ya tumbo. Na huzuni ikikuzuia kula na kulala zaidi ya wiki mbili, njoo tuongee, hiyo nayo inatibiwa.

Na wewe mjamzito: mtoto akipunguza kucheza, usisubiri kesho. Njoo leo, hata usiku.

Kuna sharika za Kilutheri huku kwetu ambazo alfajiri ya Pasaka ibada hufanyika makaburini, giza bado, baridi ya mlima inauma. Mwaka huu nilimwona yule mama. Alisimama pembeni ya kifusi kidogo kilichowekwa mawe kuzunguka, mumewe amemshikia mwavuli. Sikumsogelea. Nilisikia tu wakilitaja jina.

Sehemu ya 7, chanjo. Safari hii naahidi kweli. Lala salama, mama.